Tathmini ya huduma ya kulipia ya kutatua maswali ya chuo: takwimu, fedha, sayansi na programu

Huduma ninayoitathmini hapa ni miongoni mwa zile za kulipia ambazo mwanafunzi wa chuo hupiga picha ya swali lake au kulipakia kama faili, akachagua somo na muda anaotaka kujibiwa, kisha akasubiri jibu lililoandikwa hatua kwa hatua na mtu anayetambulishwa kuwa mtaalamu wa fani hiyo. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu zinazofanana nayo ni nyingi na kasoro nilizozikuta si za kwake peke yake. Kwa kuwa nimezoea kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili, niliipelekea maswali ambayo majibu yake nayafahamu, na niliyachagua kwa makusudi yale ambayo ugumu wake hauko kwenye hesabu bali kwenye uamuzi unaotangulia hesabu. Kwa hesabu tupu hakuna sababu ya kumlipa mtu: R, programu ya takwimu, ni ya bure, Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na lahajedwali yoyote hukokotoa wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kabla mtu hajamaliza kufungua daftari. Anayelipa ananunua uamuzi wa mtaalamu, na kwa uamuzi huo ndio nimeipima.

Nianze na takwimu, ambako ndiko nilikoridhika kidogo kuliko kote. Swali lilikuwa na safu mbili za alama. Ya kwanza ilikuwa 52, 61, 48, 70, 55, 66, 59 na 63; ya pili ilikuwa 55, 65, 50, 73, 60, 68, 62 na 67. Maelezo yalisema kwamba hizo ni alama za wanafunzi kabla ya mafunzo na baada ya mafunzo, na yakauliza kama mafunzo yameleta tofauti kwa kiwango cha asilimia 5. Jibu lilikuja mapema kuliko muda ulioahidiwa, limepangwa vizuri, kanuni zimeandikwa kwa uzuri wa kitabu, na kila hatua ya ukokotoaji ilikuwa sahihi. Mtatuzi alitumia jaribio la t la sampuli mbili zisizohusiana, linalopima kama tofauti ya wastani wa makundi mawili ni kubwa kuliko ya bahati tu, akapata t ya 0.88 kwa digrii 14 za uhuru (idadi ya namba zilizo huru kubadilika katika hesabu), akailinganisha na thamani ya mpaka ya 2.145, ambayo t inapaswa kuipita ili tofauti ihesabike, na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi kuwa mafunzo yamesaidia.

Hitimisho hilo ni kinyume cha linalostahili. Alama hizo ni za watu wale wale waliopimwa mara mbili, kwa hiyo kinachopaswa kuchambuliwa ni tofauti ya kila mmoja: 3, 4, 2, 3, 5, 2, 3 na 4. Kila mwanafunzi amepanda. Wastani wa tofauti hizo ni 3.25, mkengeuko sanifu wake ni takribani 1.04, na t inayopatikana ni 8.88 kwa digrii 7 za uhuru, ilhali mpaka ni 2.365. Sampuli zilipochukuliwa kuwa hazihusiani, utofauti mkubwa uliopo kati ya mwanafunzi na mwanafunzi, kwa mfano aliyeanza na 48 na aliyeanza na 70, uliimeza athari ndogo lakini thabiti ya mafunzo. Data ni zile zile na wastani ni ule ule, lakini mwenye jibu la kwanza anafeli swali zima hata kama hakukosea kujumlisha popote.

Hili si suala geni kwenye fani yenyewe. Jaribio la t lilichapishwa mwaka 1908 na William Sealy Gosset, mkemia wa kampuni ya bia ya Guinness aliyetumia jina la Student, na mfano mmoja alioutumia ulikuwa wa jozi: wagonjwa 10 waliojaribiwa dawa za usingizi, kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake. Data hizo zimo ndani ya R hadi leo kwa jina la sleep. Ukizichambua kama makundi mawili yasiyohusiana, thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kwa bahati tu) ni karibu 0.079; ukizichambua kama jozi, inashuka hadi karibu 0.0028. Mwanafunzi yeyote anaweza kujionea jambo hilo bila kulipa chochote, na ningetarajia mtu anayejiita mtaalamu wa takwimu awe amekutana nalo.

Nilipoandika chini ya jibu na kuuliza iwapo watu waliopimwa kabla na baada si wale wale, mtatuzi alirekebisha haraka na kwa adabu, bila kueleza kwa nini marekebisho yalikuwa ya lazima. Hapo ndipo ninapoilaumu huduma yenyewe kuliko mtu aliyejibu. Fomu ya kupokea swali inauliza somo, muda na idadi ya kurasa, lakini hakuna mahali inapomuuliza mteja data zimepatikanaje, nani alipimwa, na mara ngapi. Mshauri wa takwimu anayejua kazi yake huanza na maswali hayo kabla hajagusa namba, na mfumo unaomlipa mtatuzi kwa idadi ya majibu hauwezi kumpa hamu ya kuyauliza.

Upande wa fedha ulikuwa na sura mbili. Maswali ya kawaida yalijibiwa vizuri: niliuliza riba ya mkopo unaotajwa kuwa wa asilimia 12 kwa mwaka lakini unaokokotolewa kila mwezi, na jibu likaonyesha kwa ufasaha kwamba riba halisi ya mwaka ni asilimia 12.68, pamoja na sababu. Kisha nikapeleka swali la mradi wa machimbo unaogharimu 1,000 mwanzoni, unaoingiza 2,300 mwisho wa mwaka wa kwanza, na unaodai tena 1,320 mwisho wa mwaka wa pili kwa ajili ya kurudisha ardhi katika hali yake. Gharama ya mtaji ilikuwa asilimia 15, na swali lilimtaka mwanafunzi akokotoe kiwango cha ndani cha faida (IRR, yaani kiwango cha punguzo kinachofanya thamani halisi ya sasa ya mradi kuwa sifuri) na kushauri kama mradi ukubaliwe.

Jibu lilisema kiwango hicho ni asilimia 10, kwamba asilimia 10 ni chini ya 15, na kwamba mradi ukataliwe. Namba ni ya kweli, ushauri si sahihi. Fedha za mradi huu hubadili alama mara mbili, kutoka hasi kwenda chanya na kurudi hasi, kwa hiyo mlinganyo wake una majibu mawili: asilimia 10 na asilimia 20. Kati ya viwango hivyo viwili thamani halisi ya sasa, yaani thamani ya leo ya fedha zinazoingia ukitoa zinazotoka, ni chanya, na kwa asilimia 15 inafikia 1.89. Ni kiasi kidogo, lakini ni chanya, na kanuni inayofundishwa kila mahali ni kwamba thamani halisi ya sasa ikiwa chanya mradi unakubalika. Aliyetunga swali kama hili amelitunga ili kuona kama mwanafunzi atagundua kwamba kiwango cha ndani cha faida hakitoshi kuamua, na jibu nililouziwa halikudokeza hata kwamba jambo hilo lipo.

Chanzo cha kosa kilionekana kwenye faili la Excel lililoambatanishwa. Fomyula ya IRR huanza kutafuta jibu kutoka kwenye makisio ya asilimia 10 mtumiaji asipoipa makisio yake mwenyewe, na ikikuta jibu mahali inapoanzia haina sababu ya kwenda mbali zaidi. Ukiipa makisio ya asilimia 25, inatoa 20. Mtatuzi alichukua namba ya kwanza iliyotokea na kuandika aya nzuri kuizunguka. Sioni ubaya wa kutumia lahajedwali, nami huitumia kila siku, lakini mtu anayelipwa kwa utaalamu alipaswa kuchora angalau mchoro mmoja wa thamani halisi ya sasa dhidi ya kiwango cha punguzo, ambao ungeonyesha mara moja mstari ukikata mhimili mara mbili.

Kwenye sayansi sina mengi ya kulalamikia. Swali langu la kemia lilikuwa lile la asidi haidrokloriki yenye ukolezi wa 1 × 10⁻⁸ mol/L, ambalo huwanasa wengi kwa sababu hesabu ya haraka hutoa pH ya 8, yaani asidi inayogeuka kuwa besi kwa kuongezewa maji. Mtatuzi alilitambua hilo tangu mstari wa kwanza, akaingiza ayoni za hidrojeni zinazotokana na maji yenyewe, akatatua mlinganyo wa kipeo cha pili na kupata 6.98. Hakuandika tarakimu za ziada zisizo na maana, na alieleza kwa sentensi mbili kwa nini jibu lazima liwe chini kidogo ya 7. Maswali ya fizikia niliyopeleka yalijibiwa kwa kiwango hicho hicho, vizio vikiwa vimefuatiliwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Programu ndilo somo ambalo mteja anaweza kulihakiki mwenyewe, kwa kuwa msimbo unaendeshwa na matokeo yanaonekana, na labda ndiyo sababu watatuzi wake ni makini zaidi. Niliomba msimbo wa Python wa kukokotoa mkengeuko sanifu wa sampuli, nikitoa mfano wa namba 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7 na 9. Mtego upo kwenye NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ambayo np.std yake isipoambiwa vingine hugawanya kwa n, yaani idadi ya namba, na kutoa 2, wakati mkengeuko wa sampuli unataka kugawanya kwa n kutoa moja, ambao ni takribani 2.14. Mtatuzi aliandika ddof=1, agizo la kugawanya kwa n kutoa moja, mahali panapostahili, akaweka maelezo mafupi pembeni kuhusu sababu yake, na hata akamtahadharisha mteja kwamba pandas, maktaba nyingine ya Python, hugawanya kwa n kutoa moja bila kuambiwa, hivyo maktaba hizo mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa data zile zile. Tahadhari ya aina hiyo ndiyo niliyoikosa kwa mwenzake wa takwimu.

Kilichopungua ni hali za pembezoni: ukiipa programu hiyo orodha yenye namba moja tu inarudisha nan (yaani "si namba"), na hilo halikutajwa popote. Pia msimbo uliandikwa kwa mtindo wa mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, wakati swali lilieleza wazi kuwa ni la kozi ya utangulizi ambako wanafunzi ndio kwanza wanajifunza kitanzi cha for. Mkufunzi akimwita mwanafunzi huyo na kumwomba aeleze mstari wa tatu, mazungumzo yatakuwa mafupi.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo huduma yenyewe hulizungumzia kwa midomo miwili. Masharti yake yanasema majibu ni ya kujifunzia na kwamba mteja haruhusiwi kuyawasilisha kama kazi yake, lakini tangazo la ukurasa wa mwanzo linaahidi alama za juu na kazi iliyo tayari kuwasilishwa. Vyuo huhesabu kuwasilisha kazi ya mtu mwingine kuwa udanganyifu, na hapa kuna hatari nyingine ambayo tangazo halisemi: majibu yaliyokwisha kuuzwa huhifadhiwa na kuuzwa tena kwa mteja mwingine mwenye swali lile lile. Wanafunzi wawili wa darasa moja wanaweza kupeleka aya zinazofanana neno kwa neno bila kujuana, na programu za kulinganisha maandishi hazihitaji zaidi ya hapo.

Kwa anayetaka kujifunza kweli, sehemu yenye thamani kubwa ni ile ya kuuliza maswali ya ziada chini ya jibu. Kwenye kemia na programu niliuliza maswali ya kwa nini, nikajibiwa kwa subira na bila kunakiliwa maneno ya kwanza, jambo ambalo kitabu cha majibu hakiwezi kulifanya. Namshauri mwanafunzi atumie sehemu hiyo kwa swali analokwisha kulijaribu mwenyewe, aambatanishe jaribio lake, na amwombe mtatuzi aonyeshe mahali alipopotea badala ya kuandika upya kila kitu. Maswali ya takwimu yenye data, na ya fedha yenye uamuzi mwishoni, ningeyapeleka tu kama mteja ana uwezo wa kuuliza tena: kwa nini jaribio hili na si lile, na je, kuna jibu jingine.

Malipo ni ya mwezi na hujirudia yenyewe mpaka mteja ayasitishe. Kitufe cha kusitisha kipo, ila kimewekwa chini kabisa ya ukurasa wa akaunti, nyuma ya maswali kadhaa ya kumbembeleza mteja abaki, na majibu yote ya zamani hufungwa siku usajili unapokwisha. Anayeyataka ayapakue mapema na kunakili pia mazungumzo yaliyo chini ya kila jibu, kwa sababu faili linalopakuliwa haliyabebi: lile la swali langu la takwimu, baada ya marekebisho yote, bado lilikuwa na t ya 0.88 na hitimisho lake la kwanza.