z-VAD-FMK: kizuizi cha kaspase cha kuaminiwa nusu

Maabara ikianza kuchunguza kifo cha seli, z-VAD-FMK huwa miongoni mwa kampaundi za mwanzo kuagizwa, na jaribio likiharibika ndiyo ya kwanza kulaumiwa. Lawama nyingi zinatokana na kuidhania kuwa dawa ya kuzuia seli isife. Haifanyi hivyo. Inafunga kaspase, yaani vimeng'enya vinavyokata protini nyingine mara tu baada ya asidi ya aspatiki na kuipa apoptosisi (kifo cha seli kilichopangwa na seli yenyewe) sura yake: seli inasinyaa, kiini kinameguka, DNA inakatikakatika.

Asidi amino zake tatu, valini, alanini na aspatiki, zinafanana na mahali ambapo kaspase imezoea kukata. Kimeng'enya kikiikumbatia, mkia wa FMK (fluorometili ketoni) hunasa kwenye sisteini iliyo katikati ya tundu lake, na hapo hautoki tena. Aspatiki imevikwa kundi la metili ili molekuli ipenye utando wa seli. Ikishaingia, esterasi za seli (vimeng'enya vinavyovunja esta) huivua vazi hilo. Kwa hiyo, anayepima kaspase safi ndani ya kichupa, pasipo seli wala esterasi, anunue aina isiyo na metili. Wengi hawaangalii jambo hili wakati wa kuagiza, kisha wanalalamika kwamba wameuziwa bidhaa mbovu.

Uzito wake wa molekuli ni 467.5. Miligramu 1 ikiyeyushwa katika mikrolita 107 za DMSO (kiyeyushi kisicho maji) inatoa myeyusho wa akiba wa mM 20 (milimola 20 kwa lita). DMSO yenyewe iwe kavu, kwani hunyonya unyevu wa hewa, na huganda chini ya nyuzi 18.5, kichupa kikitoka kwenye friza, kiache kifikie joto la chumba ndipo ukifungue. Gawa akiba katika vichupa vya mikrolita 10, hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na usigandishe mara ya pili kile ulichokwisha kuyeyusha. Akiba isitengenezwe kwa maji.

Mikrolita 1 ya akiba kwa kila mililita 1 ya maji ya kukuzia seli inatoa µM 20 (mikromola 20 kwa lita), na DMSO inabaki asilimia 0.1. Ukitaka µM 50 weka mikrolita 2.5, na seli linganishi zipate DMSO ileile ya asilimia 0.25. Usidondoshe akiba moja kwa moja juu ya seli: tone zito linagusa maji, kampaundi inaganda kuwa chembe, na seli za pembeni hazipati kitu. Ichanganye kwanza kwenye maji ya kukuzia yaliyopashwa joto. Itangulie kichochezi cha kifo, tuseme staurosporini ya µM 1, kwa dakika 30 hadi 60. Jaribio likipita saa 24, ongeza dozi mpya, kwa sababu seli huendelea kutengeneza kaspase nyingine.

Kuona kama imefanya kazi, angalia PARP, protini ambayo kaspase huikata, kwenye western blot (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa): ya kilodaltoni 116 isikatwe kuwa 89. Usitegemee MTT, kipimo cha rangi, peke yake, maana kipimo hicho kinaonyesha shughuli za kimetaboli, hakisemi seli inakufa kwa njia gani.

Kasoro yake kubwa ndiyo hii. Kaspase-8 iliyo hai hukata RIPK1 na RIPK3, protini zinazoanzisha njia nyingine ya kifo. Ukiifunga, protini hizo hushikana, RIPK3 inatia fosfeti kwenye protini ya MLKL, na MLKL inautoboa utando. Seli inavimba na kupasuka. Hiyo ni nekroptosisi. Seli za panya za L929 zikipewa TNF (protini ya uvimbe inayoweza kuchochea kifo cha seli) pamoja na z-VAD hufa haraka kuliko zikipewa TNF pekee. Mtu asiyejua haya ataandika kwamba kizuizi ni sumu, kumbe kimefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Kwa hiyo tunashauri ununue necrostatin-1s, kizuizi cha RIPK1, pamoja nayo, na kila jaribio liwe na kundi la seli zilizopewa vyote viwili. Vilevile, mitokondria ikishatobolewa na protini za BAX au BAK, seli nyingi hufa tu hata kaspase zikifungwa, ila polepole na kwa sura nyingine.

Uteuzi wake nao si safi. Hugusa kathepsini na kalpaini, vimeng'enya vingine vinavyokata protini, pia NGLY1 inayoondoa sukari kwenye protini, na kwa kaspase-2 nguvu yake ni ndogo. Z-FA-FMK inayouzwa kama linganishi yake inazuia kathepsini B na L, kwa hiyo isihesabiwe kuwa bubu, yaani isiyofanya kitu. Kwa wanyama hai tunaikataa kabisa: FMK huvunjwa mwilini na kutoa fluoroaseteti, sumu inayosimamisha kimeng'enya cha akonitasi katika mzunguko wa Krebs, njia ya seli ya kupata nishati.

Q-VD-OPh, kizuizi kingine cha kaspase, ndiyo tunayoiona bora kwa kazi nyingi. Haina FMK, inatosha kwa µM 10 hadi 20, na seli huivumilia kwa siku kadhaa. Miligramu 1 katika mikrolita 97 za DMSO inatoa mM 20. Nayo pia haizuii nekroptosisi.

Kwa binadamu, emricasan, kizuizi cha kaspase cha kumeza, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa ini lenye mafuta na uvimbe kwa wiki 72. Kimeng'enya cha ALT, kinachopanda damuni ini likiumia, kilishuka mwanzoni, lakini kovu la ini halikupungua, na watafiti wenyewe walitaja uwezekano kwamba seli zilisukumwa kwenye njia nyingine za kufa.

Kwa swali la "je, kaspase zinahusika?" kwenye visahani vya seli, kwa saa 24 au chini, z-VAD-FMK inatosha. Vifaa vyenye lebo za kaspase moja moja, kama Z-DEVD-FMK ya kaspase-3 au Z-IETD-FMK ya kaspase-8, visikushawishi: kwa dozi zinazotumika kwenye seli, kila kimoja hugusa na jirani zake. Anayetaka kujua ni kaspase ipi, aifute jeni yake kwa CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni.