Moduli za LoRa 433 kwenye mikorosho ya Mtwara, zinafika wapi hasa?

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaotaka kufunga sensa za unyevu shambani au ghalani, hizi moduli za LoRa (redio ndogo za kutuma data kidogo mbali kwa umeme kidogo, hizi ni za 433 MHz) zenye chipu ya SX1278 nunueni tu, ila ile kilomita 10 iliyoandikwa kwenye boksi msiipigie hesabu. Mi nimezifunga huku upande wa Naliendele, nodi (sensa na moduli yake ya kutuma) ziko chini ya mikorosho na kipokezi kipo juu ya mnara wa tenki la maji, na kiukweli moduli yenyewe haina tatizo kabisa, tatizo ni antena wanayokupa nayo, na urefu wa kuiweka kutoka chini.

Ile springi ndogo ya kuchomelea itoe. Wimbi la 433 MHz lina urefu wa kama sm 69, robo yake sm 17 na kidogo, kwa hiyo chukua waya wa shaba wa sm 17 ulionyooka, usimamishe wima kwenye nodi na kwenye kipokezi pia, utaona tofauti. Kwangu palepale nilipokuwa nimesimama RSSI (nguvu ya mawimbi yanayopokelewa) ilipanda kama desibeli 6, na sehemu ya wazi desibeli 6 ni sawa na kuongeza umbali mara mbili, kwa kipande cha waya! Ila usiiache moduli itume bila antena, unaweza kuunguza amplifaya yake.

Sasa kwenye kupima ndo watu wengi wanajidanganya. Mtu anashika nodi mkononi anatembea, taa ikiacha kuwaka anasema hapa ndo mwisho wake. Hapana jamani, mwili wako wenyewe unakula mawimbi, halafu mwisho hauko sehemu moja, kuna eneo refu tu ambalo pakiti moja inafika mbili zinapotea, ukisogea hatua mbili zinafika zote, kwa sababu mawimbi yanagonga miti na ardhi yanarudi yanakutana na mengine yanafutana. Funga nodi kwenye mti, urefu uleule itakaokaa, tuma pakiti mia zenye namba, hesabu zilizofika, andika RSSI na SNR (mawimbi yako yanavyozidi kelele) ndo usogee. Mi zikishuka chini ya tisini kwa mia sehemu hiyo siihesabu tena. Na upime mvua imetoka kunyesha, majani yakiwa yameloa, sio jua la saa saba mchana ukafurahi bure.

Pale Mikindani kuvuka ghuba, hakuna kitu katikati, SF7 ilifika bila kupoteza kitu (SF ni mpangilio wa kutuma, namba ikipanda inatuma polepole ila inafika mbali). Kwenye mikorosho, nodi ikiwa mita moja kutoka chini, SF7 ilianza kudondosha kwenye mita mia nne hivi, nikaweka SF12 ikapita kilomita. Mkorosho mnaujua, matawi yanakaribia kugusa ardhi, na hata kama tenki unaliona kwa macho bado haitoshi, kwa umbali wa kilomita moja mawimbi ya 433 yanataka nafasi ya kama mita 13 kuzunguka ule mstari pale katikati, ndo maana kupandisha kipokezi juu kunasaidia kuliko kuongeza nguvu ya kutuma.

Ila msikimbilie SF12 kila mahali, pakiti ndogo tu inakaa hewani zaidi ya sekunde moja wakati SF7 ni sehemu ndogo sana ya sekunde, betri inaisha na nodi zikiwa nyingi zinagongana. Nyingi nimeziacha SF9, zile za mbali tu ndo SF12.

Maelezo ya kwenye boksi ni mabovu, karatasi moja haina hata mchoro wa pini, hapo wamekosea sana. Bei inavumilika.

Kwa wa maghala ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima): tofali mawimbi yanapita, bati hayapiti, kwa hiyo antena itoke nje, na kebo yake iwe fupi maana ile nyembamba ikiwa ndefu nayo inakula.