Pikipiki Ipi Inunuliwe kwa Safari za Mwambao wa Ziwa Victoria

Anayetafuta pikipiki ya kuzungukia mwambao wa Ziwa Victoria kutoka Mwanza mara nyingi huanza kwa kuulizia nguvu ya injini, ilhali nguvu si tatizo kubwa katika njia hizi. Barabara ya Musoma, kupitia Magu, Lamadi na Bunda, ni lami kwa zaidi ya kilomita 200 na haina milima ya kumtesa mtu. Upande wa magharibi, Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea foleni ya kivuko anayekwenda Sengerema, Geita na kuendelea hadi Bukoba. Kazi huanza pale unapoiacha lami ili ulifikie ziwa lenyewe: barabara za vumbi ziendazo kwenye mialo (fukwe za wavuvi kushushia samaki), mchanga uliolegea, makorongo yanayochimbwa na mvua, na kisha kisiwa cha Ukerewe, ambako pikipiki huvushwa kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi. Kwa sababu hiyo nimezipanga pikipiki hizi kwa kuzingatia swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni iwapo fundi wa Nansio au Kibara anaweza kukutengenezea siku hiyohiyo ukiharibikiwa.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Bajaj Boxer 150, na ubavuni mwake TVS HLX 150, ambayo haipishani nayo kwa mengi. Zote mbili zina injini ya silinda moja inayopozwa kwa hewa, ya kati ya cc 144 na 148, na kwa kuwa ndizo zinazobeba abiria na magunia kila siku, hakuna senta yenye duka la spea ambako utakosa cheni, sahani za klachi, waya wa breki au tyubu yake. Tangi la Boxer hubeba lita 11. Ukikadiria kilomita 40 kwa lita, na hayo ni makadirio ya mtu aliyefunga mzigo nyuma, utafika Musoma na mafuta ya kutosha yakiwa yamebaki. Udhaifu wake uko kwenye shokapu za nyuma, ambazo ni fupi na hukusimulia kila tuta, na kwenye tairi la mbele la barabarani, ambalo likiingia mchangani huanza kujiamulia njia. La pili linatibika kwa gharama ndogo: fungisha tairi lenye kashata mbele, liache la nyuma hadi liishe. Kati ya Boxer na HLX sitamlazimisha mtu. Nunua ile ambayo fundi wako wa Mwanza anaifahamu zaidi.

Nafasi ya pili ni ya Honda XR150L, na nakiri kwamba kama safari zako nyingi ni za Ukerewe na za vijia vya kandokando ya maji, ingestahili kuwa ya kwanza. Shokapu zake ni ndefu, gurudumu la mbele ni la inchi 19, ina breki ya diski mbele, na uzito wake wa takriban kilo 130 haumshindi mtu kuisukuma wakati wa kupanda au kushuka kivukoni. Kinachoishusha ni bei, iliyo juu ya Boxer kwa tofauti kubwa, na spea zake, ambazo hupatikana mjini lakini huadimika vijijini. Mwenye miguu mifupi aijaribu kwanza akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kiko juu.

Ya tatu ni Yamaha DT125 iliyotumika, ambayo wengine huipata kwenye minada ya ofisi na mashirika. Ni mashine ngumu na inapita popote, ila injini yake hutaka mafuta maalumu ya kuchanganywa na petroli, na yakiisha njiani bila wewe kugundua, pistoni inakwama. Inakunywa pia petroli nyingi kuliko hizo za juu. Pikipiki mpya za bei ya chini kutoka China naziweka ya nne: zinafaa kwa safari fupi za wikiendi, mradi ukubali kukaza nati mara kwa mara.

Mwisho kabisa ni zile kubwa za cc 600 na zaidi. Zinapendeza, na kwenye lami ya Bukoba zina raha yake, lakini zikizama kwenye mchanga wa mwaloni utahitaji kijiji kizima kuzinyanyua, na spea huagizwa kutoka mbali. Wala usizinunue kwa matumaini ya kukatiza Serengeti kupitia lango la Ndabaka, kwani pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi.

Ukinunua iliyotumika, na hasa Boxer, ujue kwamba huenda ilibeba tenga za samaki au magunia ya dagaa. Kiti kilichoshonwa upya kisikudanganye; kinusie kwa chini. Isimamishe kwa stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma ulitikise kushoto na kulia, na likicheza, bushi zimekwisha. Pitisha kidole kwenye shokapu za mbele kutafuta oili inayovuja, vuta cheni kwenye meno ya sproketi la nyuma, kisha linganisha namba ya chasisi iliyogongwa shingoni mwa fremu na ile iliyo kwenye kadi. Usilipe fedha yote kabla muuzaji hajakubali kwenda nawe Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhamisha umiliki. Kumbuka pia kwamba leseni ya daraja A1 ni ya injini ndogo, na kwa cc 150 unahitaji daraja A.

Tenga fedha ya helmeti mbili zenye kioo cha kufunga uso, yako na ya abiria. Jioni, wadudu wadogo wa ziwani wanapoinuka kama moshi na kuvuka barabara, miwani ya kawaida haisaidii kitu.