Programu ya karaoke inayopanga nyimbo kwa sauti ya kwanza: miezi miwili nayo hapa Kisumu

Nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama isingekuwa na matatizo na herufi N, ambayo nitafika kwayo.

Nyumbani kwetu Migosi, ndugu wakijaa Jumapili jioni, tunacheza mnyororo wa nyimbo. Mmoja anaimba kibwagizo na kutaja jina la wimbo. Likiishia kwa "ka", anayefuata ana sekunde kumi za kutafuta wimbo unaoanza na "ka". Akikwama, vyombo vyote vya jioni ni vyake. Ni mchezo unaokaa vizuri sana katika Kiswahili, kwa kuwa karibu kila neno letu huishia kwa irabu, basi silabi ya kushika haikosi. Wajapani wana wa kwao wa maneno, shiritori, na huko anayetaja neno linaloishia kwa "n" ameshindwa papo hapo, kwa vile hawana neno la kuanzia hapo. Shida yetu imegeuka upande wa pili: nyimbo zinazoanza na M tupu, hizo za "Mpenzi" na "Mtoto", hazifikiki. Nani atakuachia M mwishoni? Mjomba wangu anazijua kama kumi za "Mpenzi", beti zote, na kwa miaka yote hiyo amezibeba tu kifuani.

Programu nililipia shilingi 250 kwa mwezi, kwa M-Pesa, baada ya siku tatu za kujaribu bure. Unaandika herufi mbili za mwanzo, inakuletea orodha, unagusa wimbo na maneno yanaanza kupita kwenye skrini. Kuna pia kitufe cha kushusha kimo cha sauti ya wimbo, na hicho peke yake kinastahili pesa. Sina Makosa ya Les Wanyika niliishusha hatua mbili, na kwa mara ya kwanza nikaumaliza bila shingo kunisimama mishipa.

Jumapili ya kwanza nusura niifute. Tulikuwa tumeunganisha simu na spika kwa bluetooth, na kila mtu alionekana anautangulia muziki. Shemeji wa Kakamega akaanza kulaumiwa kwamba hana mdundo, masikini, mtu aliyekulia kwenye ngoma ya isukuti! Kumbe bluetooth huchelewesha sauti kidogo, maneno yanatangulia. Tulipochomeka waya, shemeji akapona.

Sasa raundi niliyoifurahia zaidi. Binamu alifungua na Sura Yako ya Sauti Sol. "Ko" ni mtego, kwa sababu majina mengi ya nyimbo za mapenzi huishia kwa yako, wako, kwako, lakini zinazoanza na "ko" ni chache. Zamu ilikuwa ya mama mdogo. Aliweka kikombe chini, akafumba macho, tukahesabu pamoja: saba, nane... Kwenye tisa akaanza kuvumisha polepole, Kothbiro ya Ayub Ogada. Sebule nzima ikatulia. Watoto wa Nakuru wakauliza maana yake, akawaambia bila kufumbua macho: mvua inakuja. Programu haikuwa nayo. Tuliimba bila muziki, mmoja akigonga meza.

Halafu tukabaki na "ro". Nilipoandika "ro" nikapata orodha fupi, karibu yote ya Kiingereza. Shangazi akaokoa jahazi kwa pambio la kanisani linaloanza na "Roho", nalo pia halimo. Hapo ndipo udhaifu wake ulipo: Bongo Flava imejaa hadi inamwagika, rumba ipo ya kutosha, lakini ohangla ya Wajaluo na nyimbo za kanisani za huku kwetu utazitafuta kwa tochi.

Na hiyo N. Programu inasoma herufi, haisikii. Wimbo ukiishia kwa "Kenya", sikio linataka "nya", ila kisanduku kinapokea herufi mbili pekee. Ukiandika "ny" inakumwagia nyota, nyumba na nyimbo, uchague mwenyewe huku sekunde zinakwisha. Ng' imechanganywa na ng ya kawaida, kana kwamba ng'ombe na ngoma ni mlango mmoja. Mabishano yalizuka pia kuhusu Jambo Bwana ya Them Mushrooms. Imewekwa kwenye "ja" peke yake, wakati nusu ya ukoo inaujua kama Hakuna Matata, basi waliuhitaji kwenye "ha". Tulipiga kura. "Ja" ikashinda kwa kura moja, ya mtoto wa miaka sita.

Nyimbo za Kijaluo zilitulazimu kutunga sheria yetu, kwa kuwa maneno mengi huko hufunga kwa konsonanti: rech, koth. Tumekubaliana kushika irabu ya mwisho. Rech inakupa "e", songa mbele.

Mwezi wa pili nimelipia, na pembeni nina daftari la kurasa mbili la "ko", "ro" na "nya" zetu wenyewe. Ukinunua, nunua waya kwanza. Ah, na tumebadilisha kanuni moja: anayeshinda raundi ndiye anayefungua inayofuata, kwa wimbo wowote. Mjomba amefika wa pili mara tatu mfululizo.