Uzoefu wangu na mpango wa walezi wa mwaka wa kwanza chuoni

Nimemaliza mwaka wa kwanza mwezi wa saba, na wadogo zangu wanaojiandaa kuripoti wananiuliza kama mpango wa walezi hapa chuoni kwetu, Dar es Salaam, yaani wanafunzi wakubwa kuwaongoza wageni, una faida. Jiandikisheni siku ileile mnayofika.

Nilitoka Songea, nikashuka usiku stendi ya Magufuli pale Mbezi nikiwa na begi na ndoo. Wiki ya kwanza tulikalishwa ukumbini siku tatu: sheria za hosteli, zahanati, maktaba. Mengi yamenitoka. Siku ya kwanza ya vipindi nilikaa saa nzima kwenye darasa la jiolojia nikiandika, na mimi nasoma ualimu. Niliogopa kumwuliza hata aliyekaa pembeni yangu.

Jioni yake nikakutana na mlezi wangu, dada wa mwaka wa tatu, aliyepangiwa sisi wanane. Alishika ratiba yangu, akaweka kidole kwenye herufi zilizo mbele ya namba ya chumba: "Hili ni jina la jengo, mdogo wangu." Kisha akatutembeza kwa miguu, jengo kwa jengo, kuanzia vipindi vya Jumatatu hadi vya Ijumaa. Mimi nilianza kujiona mwanafunzi wa chuo jioni ile.

Yeye ndiye aliyetufafanulia kwamba alama 40 zinatoka kwenye majaribio na kazi za semista, na 60 kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista, kwa hiyo anayengoja UE ndipo aanze kusoma keshajichelewesha. Kila Jumamosi tulikaa kwenye vimbweta, yale mabenchi na meza za zege za nje, na mitihani ya miaka ya nyuma, swali moja moja, mpaka kila mtu aelewe. Wawili kati yetu hawakuwa na mkopo. Siku wengine tuliposaini boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, tulichanga kidogo kidogo ili nao wasikose wali maharage. Hakuna aliyetuagiza. Mwisho wa mwaka wawili walisapu, yaani walirudia mitihani waliyofeli, lakini hakuna aliyedisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Kasoro ipo, na inaniuma. Walezi hawapewi hata vocha, na majaribio yao yakianza vikundi vingi vinakufa kimyakimya. Mwenzangu wa chumbani mlezi wake hakuwahi kupokea simu. Alikwenda ofisini mara mbili, akaambiwa asubiri. Alikuwa akila peke yake, akasoma peke yake, na kabla ya UE alifungasha akarudi kwao. Mimi nilikuwa nalala kitanda cha juu yake, na sikumwita hata mara moja kwenye vimbweta vyetu kwa sababu hakuwa wa kikundi chetu. Hilo bado silisahau.

Mpango huu naupa nyota nne kati ya tano. Mwaka huu nimejiandikisha kuwa mlezi. Wewe ukipangiwa mtu asiyepokea simu, usimsubiri: njoo Jumamosi saa tatu asubuhi, vimbweta vya nyuma ya maktaba, ukae nasi. Hatutakuuliza umetoka kikundi gani.