TV ya inchi ngapi inatosha sebule yako? Kutoka 43 hadi 32, kwa mpangilio

Muuzaji wa Kariakoo ana swali moja tu: "Bajeti yako ngapi, bosi?" Hakuulizi unakaa umbali gani na TV. Miaka michache iliyopita nilimtajia bajeti yangu, nikaondoka na inchi 55 kwenye kirikuu. Tumefika nyumbani, mimi na shemeji tumefungua boksi, tumefunga miguu, tumeinyanyua, haikai. Kabati lilikuwa na upana wa sentimita 90, na miguu ya TV ile imefungwa huku na huku, karibu na ncha kabisa. Kwa wiki mbili TV ilikaa juu ya meza ya chakula, sisi tukala chini kwenye mkeka.

Kwa hiyo kabla ya bei, chukua futikamba. Kaa kwenye kochi unalokaa siku zote, mtu mwingine akushikie upande wa pili, upime kutoka machoni hadi pale kioo kitakaposimama. Usipime kutoka ukuta hadi ukuta. Sebule ya futi 10 kwa 10, ambayo wapangaji wengi tunaifahamu, ina mita 3 na kidogo, lakini kichwa chako kiko sentimita 70 hivi mbele ya ukuta wa nyuma, na TV juu ya kabati inasogea mbele sentimita 30 nyingine. Kinachobaki ni kama mita 2.

Sasa igawe hiyo namba. Sentimita gawanya kwa 4 unapata inchi kubwa ambayo macho yatabeba bila taabu. Gawanya kwa 6 unapata ndogo ambayo chini yake utaanza kukodolea macho matokeo ya mechi kule pembeni juu. Kwa mita 2 ni kati ya 33 na 50. Sebule ya futi 12 ukifanya hesabu ileile inakupa kati ya 44 na 66. Ile ya kugawa kwa 4 inatokana na kipimo cha siku nyingi cha kioo kuchukua nyuzi 30 za upeo wa macho. Ya 6 ni uzoefu wangu na macho yangu, nawe unaweza kubishana nayo.

Inchi, au "nchi" kama tunavyoita dukani, hupimwa mshazari, kona hadi kona ya kioo, bila fremu. Ndiyo maana namba zinadanganya. Kutoka 32 hadi 43 ni inchi 11 tu, lakini eneo la kioo linaongezeka kwa asilimia 80. Na usishangae ukipima 43 ukakuta 42.5, nyingi ziko hivyo. Ukikuta 40, rudisha kwenye boksi na uage.

1. Inchi 43

Hii ndiyo naiweka juu, na najua wapo watakaoniona mshamba. Ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54, pamoja na fremu unazungumzia kabati la mita moja. Boksi lake linaingia kwenye bajaji. Sababu kubwa lakini ni king'amuzi. Chaneli nyingi tunazotazama kila siku, taarifa ya habari, tamthilia, bonanza la Jumapili, picha yake si ya 4K, yaani ile kali yenye nukta nyingi zaidi, na nyingine hata HD, iliyo chini yake, hazifiki. Picha hiyo ukiitanua kwenye kioo kikubwa huku umekaa mita 2, unaona nyuso zimevimba na nyasi za uwanja zimekuwa uji wa kijani. Kwenye 43 inavumilika. Kisha kuna watoto. Utapima umbali wa kochi vizuri sana, wao watakaa kwenye mkeka mita moja kutoka kwenye kioo, na hakuna futikamba itakayowarudisha nyuma.

Full HD, iliyo kati ya HD ya kawaida na 4K, inatosha kwa ukubwa huu. Ya 4K ichukue kama tofauti ya bei ni ndogo.

2. Inchi 55

Kwa sebule ya futi 12 hadi 14, hii ndiyo ya kwanza, na ile ya 43 itaonekana kama kalenda ukutani. Upana ni sentimita 122, kimo 68. Umbali wa mita 2.2 kwenda mbele unaitosha. Kwa ukubwa huu 4K si anasa tena.

Kabla hujalipa, chukua kanga ya mama, ikunje ifikie sentimita 122 kwa 68, uibane ukutani kwa utepe wa gundi, uishi nayo siku mbili. Utajua kama swichi inafunikwa, kama mlango wa chumbani ukifunguka unaigonga, na kama upande huo wa ukuta unapigwa na jua la saa kumi jioni. Kwangu kanga iliziba nusu ya dirisha. Laiti ningefanya hivyo kabla ya kirikuu.

Jambo jingine linalosahaulika ni wanaokaa pembeni. Sebule zetu hatukai safu moja kama sinema, makochi yamezunguka kuta tatu na mgeni wa heshima mara nyingi anapewa la pembeni. Mama mkwe alipokuja alitazama dakika tano, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hawa watu wamepauka hivi?" Nikahamia alipokaa nikaona kweli. Aina ya kioo inayoitwa VA ina weusi mzuri ukiwa mbele yake, ila rangi hufifia ukikaa upande. Ile ya IPS weusi wake si mkali lakini wa pembeni naye anaona. Muuzaji huenda asijue ipi ni ipi, hivyo iwashwe, wewe tembea kutoka kushoto hadi kulia ukiitazama.

3. Inchi 50

Haina kosa. Iko katikati tu. Ukikuta bei yake imekaribia ya 43, na kabati lako linafika sentimita 115, chukua.

4. Inchi 65

Upana sentimita 144, karibu kanga nzima imetandazwa. Inataka mita 2.6 kutoka machoni, inataka kirikuu, inataka watu wawili kuinyanyua, na inataka intaneti ya uhakika au diski yenye filamu za 4K, la sivyo umenunua kioo kikubwa cha kutazamia picha mbovu. Kama unayo hayo yote na derby ya Simba na Yanga inajaza watu 15 sebuleni kwako, nunua kwa raha. Ila tafadhali usiitundike juu karibu na dari kama ya baa. Katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya aliyekaa, kama mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Shingo za wageni zitakushukuru.

5. Inchi 32

Kimo cha kioo ni sentimita 40. Nyingi ni HD ya nukta 1366 kwa 768. Chumbani ni nzuri, kwa fundi wa saluni ni nzuri, kwa chumba kimoja ambako kitanda kiko mita moja na nusu kutoka kwenye TV ni nzuri pia. Kwa sebule, kama fedha zinaishia hapo, mimi ningesubiri miezi miwili nifikie 43.

Dukani usiridhike na ile video ya maua na samaki wa rangi. Imetengenezwa ili kila TV ipendeze, na mwanga umepandishwa hadi mwisho. Omba wachomeke king'amuzi, uangalie chaneli unayoijua, umbali uleule uliopima nyumbani. Hesabu hatua zako kabla hujatoka nyumbani, ni rahisi kuliko kutembea na futikamba. Kioo chote kiwe cheupe kwanza, kisha cheusi, utafute mstari au doa. Waranti iandikwe muda wake, risiti ya EFD uwe nayo mkononi.

Na boksi lisafiri likiwa limesimama. Dereva atakwambia likilala ndiyo salama zaidi. Yeye akishafika hapo mlangoni kwako, safari yake imeisha.