Programu ya kurekodi skrini kwa masomo ya Excel: kwa nini nimetulia na OBS

Nafundisha kompyuta Sinza, na wanafunzi wangu wengi ni watu wa biashara: wauza vitenge, wenye maduka ya vipuri, vijana wanaoshika hesabu kwenye maduka ya jumla Kariakoo. Hawana nafasi ya kukaa darasani saa mbili. Wanataka somo fupi la kwenye WhatsApp, walitazame dukani wateja wakipungua. Ndiyo maana nilianza kurekodi video, na nimepitia programu kadhaa kabla ya kutulia.

Usiku mmoja ndio ulionifundisha cha kuangalia. Nilikuwa narekodi somo la daftari la stoo, nimefika dakika ya 40, umeme ukakatika. Kompyuta yangu ni ya mezani na wakati huo sikuwa na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda. Umeme uliporudi nikalikuta faili, tena zito, lakini halikufunguka kwa programu yoyote ya kuchezea video. Baadaye nikaelewa sababu. Faili la kawaida la video, MP4, huandikiwa orodha ya yaliyomo mwishoni kabisa, unapobonyeza kitufe cha kuacha kurekodi. Bila orodha hiyo picha na sauti zimo ndani, ila programu ya kuchezea haijui pa kuanzia. Niliumia sana, maana sauti ilikuwa imeanza kukauka na somo lote lilibidi lirudiwe.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila programu ni hili: umeme ukikatika katikati, nabaki na nini?

OBS Studio ina jibu. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukiichagulia MKV, aina nyingine ya faili la video, kile kilichokwisha kurekodiwa kinabaki hata mashine ikizimika ghafla. Sikutaka kuamini kwa kusoma tu. Nikafungua rekodi ya majaribio, nikachomoa waya ukutani. Nilipowasha, video ilicheza mpaka karibu na pale nilipochomoa. Simu nyingi hazielewani na MKV, kwa hiyo kabla ya kutuma naingia menyu ya File, nachagua Remux Recordings, na baada ya sekunde chache napata MP4 yenye ubora uleule. Toleo la 30.2 la mwaka 2024 lilileta aina nyingine ya faili, Hybrid MP4, iliyotengenezwa kuzuia hasara kama ile yangu. Mimi bado niko na MKV kwa sababu hiyo ndiyo niliyoijaribu kwa mkono wangu.

Jambo la pili nilifundishwa na mama mmoja anayeuza vitenge. Nilimtumia somo la kujumlisha mauzo ya wiki, kesho yake akaja mwenyewe na simu mkononi. "Mwalimu, sauti naisikia vizuri, ila hizo namba ni kama sisimizi." Akanisogezea simu. Kweli, ilinibidi nikaze macho kuisoma hata safu ya bei, na kazi ni yangu mwenyewe. Nilikuwa nimerekodi skrini ya 1920 kwa 1080, halafu nikaiacha programu iipunguze kuwa 1280 kwa 720. Herufi zikipunguzwa hivyo hufifia kingo. Sasa naibadili skrini yenyewe kuwa 1280 kwa 720 kwenye mipangilio ya Windows kabla ya kuanza, naipa OBS vipimo hivyohivyo, nakuza jedwali la Excel hadi asilimia 150, na kishale cha mausi nakifanya kikubwa. Fremu (picha) 20 kwa sekunde zinatosha, maana kwenye jedwali hakuna kinachokimbia. Somo la dakika 8 linanitokea na MB 30 hivi. Mtu anayenunua bando la siku anauona wepesi huo mfukoni.

Kwa sauti natumia maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na ndani ya OBS nimeiwekea kichujio cha kupunguza kelele, ile njia ya RNNoise. Muungurumo wa feni unapungua sana. Adhana au honi ya bodaboda dirishani sihangaiki nazo, nasitisha rekodi, nasubiri, naendelea. Angalizo moja hapa: kama ubora wa kurekodi umeuacha kwenye "Same as stream", kitufe cha kusitisha hakipatikani. Chagua ubora mwingine, nacho kitatokea.

OBS haihariri. Kukata vipande nafanyia Shotcut, ambayo nayo ni ya bure. Anayetaka kurekodi, kukata, kukuza sehemu ya skrini na kuchora mishale mahali pamoja, Camtasia imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya mafunzo, na kwa ofisi yenye bajeti ningeipendekeza bila kusita. Ni ya kulipia, na ya majaribio huacha alama juu ya video, kwa hiyo kwa mwalimu wa mtaani hesabu yake ni ngumu. Xbox Game Bar inayokuja na Windows ni nyepesi, unabonyeza Windows na G basi, lakini ilikusudiwa michezo: inarekodi programu iliyofunguka, hairekodi desktopu wala File Explorer. Somo la kupanga mafaili huwezi kulifanyia hapo.

Siku ya kwanza ya OBS itakuchosha, hilo nakuambia mapema. Ukiifungua unakuta kioo cheusi, mpaka uongeze chanzo mwenyewe: alama ya kujumlisha chini, kisha Display Capture. Mimi hiyo peke yake ilinichukua jioni nzima.

Siku hizi kabla ya kila somo narekodi sekunde 10, najitumia kwenye simu yangu ndogo yenye kioo kilichopasuka kona, naitazama nikiwa nje kwenye jua. Namba zikisomeka pale, ndipo narudi ndani, nazima feni na kuanza.